WorldCat: inajua vitabu kuliko inavyojua rafu zetu

Kwa anayetafuta kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa Dar es Salaam au Nairobi miaka ya 1970 na ambacho hakionekani tena madukani, pa kuanzia ni WorldCat, katalogi ya pamoja ya maelfu ya maktaba ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua bure bila kujisajili. Inaendeshwa na OCLC, shirika lililoanzishwa mwaka 1967 na vyuo vya jimbo la Ohio, Marekani. Wakutubi walianza kuingiza rekodi (maelezo ya kila kitabu) humo kwa kompyuta mwaka 1971, ila tovuti ya kumwezesha msomaji wa kawaida kutafuta mwenyewe ilifunguliwa mwaka 2006.

Utaratibu wake ni kwamba maktaba moja ikishakieleza kitabu, nyingine zinazokimiliki hazikielezi upya, bali hujiandikisha chini ya rekodi hiyohiyo. Anayejua kuisoma rekodi hupata mengi. Hutajwa idadi ya kurasa na kimo cha kitabu kwa sentimita, hivyo unaweza kutambua kwamba ulichokipata ni kijitabu cha kurasa thelathini na si toleo kamili kabla hujafunga safari kukifuata. Katika rekodi za zamani, mwaka ulio ndani ya mabano ya mraba kwa kawaida haukuchapwa kitabuni kama mwaka wa kuchapishwa, mkutubi ameupata kwingine au ameukadiria, na mara nyingine hukadiria muongo tu, akaandika [197-?]. Mwanafunzi wa tasnifu asiunukuu mwaka wa namna hiyo kana kwamba mchapishaji ndiye aliyeutaja.

Majina ya waandishi ndiyo yanayosumbua zaidi. Katalogi hizi zilijengwa na watu waliozoea jina la ukoo, na majina yetu mengi hayana ukoo wa aina hiyo, kwa hiyo mwandishi mmoja anaweza kuorodheshwa kwa jina lake hapa na kwa jina la baba yake pale, mbali na Mohamed anayeandikwa pia Muhammad na Mohammed. Ninashauri kuanza na maneno mawili matatu ya anwani (yaani jina) ya kitabu, kisha kuchuja kwa lugha, badala ya kumtegemea mwandishi. Rekodi zinazojirudia nazo zipo, na kitabu kimoja huweza kuonekana kama matoleo mawili kwa sababu tu wakutubi wawili walikieleza kwa namna tofauti. Hapo linganisha kurasa na mchapishaji.

Udhaifu mkubwa uko kwenye orodha ya maktaba zilizo karibu. Maktaba isiyopeleka taarifa zake huko haionekani, hata kama kitabu kimejaa vumbi rafuni mwake, na zinazopeleka ziko zaidi Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa mfano, ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki na nchi jirani, na ndiyo maana kitabu kilichochapwa Dar es Salaam hutajwa kuwa kipo Washington, ilhali chuo kilicho mtaa wa pili, ambacho pengine kinacho, hakitajwi kabisa. Kosa hilo silibebeshi tovuti peke yake, kwani kushiriki katika mfumo huo kunahitaji fedha na wakutubi wa kutosha, vitu ambavyo maktaba nyingi za kwetu hazina.

Kwa hiyo, matokeo yanayoonyesha kwamba kitabu kiko maelfu ya kilomita kutoka kwako yasikukatishe tamaa. Nakili anwani kamili, mchapishaji, mwaka na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, kama ipo (vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida havina), kisha mpelekee mkutubi wa chuo au wa maktaba ya mkoa, maana kwa taarifa hizo ataweza kupekua hata droo za kadi ambazo hazijawahi kuingizwa kwenye kompyuta.