Rivolva moja kwa kazi zote: kabla ya kuusifia mtutu, bonyeza kijiti

Malalamiko yanayonifikia kuhusu rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, yanafanana mno. Mtu kanunua bastola ndogo ya .357 Magnum, mtutu wa inchi mbili, kwa kuwa aliambiwa itamfaa kila mahali: kiunoni, kwenye uwanja wa shabaha na porini. Siku ya kwanza uwanjani anafyatua risasi zote tano, anafungua silinda, anabonyeza kijiti cha kutemea maganda, na maganda mawili yanabaki yameng'ang'ania, nusu ndani nusu nje. Anayachomoa kwa kucha. Kisha ananiuliza: je, bastola yangu ni mbovu?

Si mbovu. Imeundwa hivyo, na aliyekuuzia alijua.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitabishana kuhusu chuma cheupe au cheusi, wala kuhusu rivolva dhidi ya bastola za magazini. Nachukulia kwamba umeshaamua kununua rivolva moja tu, kibali unacho, sheria ya ulipo unaifuata, una kasha la chuma la kuifungia, na hutafyatua risasi hata moja bila kuziba masikio na kukinga macho. Hayo yakiwa tayari, tuzungumze jambo ambalo halimo kwenye tangazo lolote.

Kwanza kaliba, yaani kipimo cha risasi, nami hapa sina mjadala mrefu. Rivolva ya kazi zote ni ya .357 Magnum, kwa sababu inapiga pia .38 Special. Risasi ya .38 Special ni ya mwaka 1898; .357 ilitoka mwaka 1935, unene wa ganda ni uleule, ila ganda likarefushwa makusudi lisiweze kuingia kwenye silinda za .38 za zamani ambazo zingepasuka. Ganda la .38 lina urefu wa milimita 29 na kidogo; la .357 linakaribia 33. Maana yake, mazoezi unafanya kwa .38 zisizouumiza mkono, na ukienda porini unapakia .357 yenye kichwa kizito cha gramu 10 au zaidi. Wapo wanaotaka .44 Magnum kwa ajili ya wanyama wakubwa, na wana haki yao, lakini hiyo si bastola ya kubeba kila siku chini ya shati.

Sasa kijiti.

Ukifungua silinda ya rivolva utaona katikati yake kijiti kinachochomoza mbele. Ukikibonyeza, kule nyuma inainuka nyota ya chuma iliyoshika kingo za nyuma za maganda na kuyasukuma nje. Silinda ikifungwa, kijiti hicho kinalala chini ya mtutu. Mtutu ukiwa mfupi, hakina pa kulala, basi mtengenezaji anakikata. Kijiti kikikatwa, nyota haiinuki vya kutosha, na ganda la .357 lenye karibu milimita 33 linasukumwa sehemu tu ya urefu wake.

Kwa .38 nyepesi unaweza usigundue lolote, kwa kuwa ganda ni fupi na shinikizo ni dogo. Ugomvi unaanza ukipakia .357. Kipimo cha juu cha shinikizo la .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, cha .357 ni 35,000. Shaba ya ganda inatanuka na kugandamana na kuta za chemba, yaani tundu la silinda linalobeba risasi, na hapo ndipo unapohitaji kijiti kirefu, wakati ulichonacho ni kifupi. Mbaya zaidi, ganda lililotoka nusu linaweza kuteleza likaingia chini ya nyota. Likiingia huko, silinda haifungi, risasi mpya haziingii, na unahitaji mikono miwili, mwanga mzuri na utulivu ili ulitoe. Mtu aliyenunua bastola kwa ajili ya kujilinda hana hata kimoja kati ya hivyo wakati anapovihitaji.

Kuna na masizi. Ukifyatua .38 nyingi kwenye chemba za .357, mdomo wa ganda fupi unaacha pete ya masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka pale unapokomea. Baadaye ukipakia .357, ganda refu linaipita pete hiyo kwa kusukumwa, na likishatanuka linang'ang'ania hapohapo. Ndiyo maana yule anayefanya mazoezi kwa bidii na .38, yaani anayefanya jambo sahihi, ndiye anayeadhibiwa zaidi na kijiti kifupi. Dawa ya masizi ni brashi ya shaba kwenye kila chemba kabla ya kubadilisha risasi. Kijiti kifupi hakina dawa ya brashi.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Hakikisha silinda ni tupu, itazame kwa macho, kisha iguse kila chemba kwa kidole. Elekeza mtutu juu, upande ulio salama, ubonyeze kijiti hadi mwisho, uangalie nyota inainuka kiasi gani. Linganisha na ganda tupu la .357. Hata kijiti kirefu huenda kisifike mwisho kabisa wa ganda, lakini kipande kinachobaki ndani kiwe kidogo, kiasi kwamba uzito wa ganda na pigo moja la kiganja vinamalizia. Likibaki karibu nusu ya ganda, rudisha bastola kaunta.

Kwa kawaida mpaka uko kwenye inchi tatu za mtutu. Chini ya hapo kijiti kimekatwa karibu kila mara. Kuanzia hapo kwenda juu kuna nafasi, nami sipendekezi rivolva ya kazi zote iliyo fupi kuliko hapo.

Ya kwanza: Ruger GP100, mtutu wa inchi 4.2

Sitaficha mapenzi yangu. Kampuni ya Sturm, Ruger ilianzishwa mwaka 1949 na Bill Ruger na Alexander Sturm, na GP100 wameitengeneza tangu miaka ya 1980, ilipochukua nafasi ya Security-Six, rivolva yao ya awali. Ukitaka kujua kwa nini naipenda, anzia kwenye kijiti hichohicho. Kwenye GP100 kijiti hakizunguki pamoja na silinda, na ncha yake ya mbele haitumiki kama komeo. Silinda inajifunga kwa komeo lililo kwenye mkono wake wenyewe unaoibeba. Kijiti kina kazi moja tu, kutema maganda, na kwenye mtutu wa inchi 4.2 kimepewa urefu wa kuifanya.

Halafu mpini. Chuma cha ndani cha mpini ni kama kigingi chembamba, si umbo zima la mpini, kwa hiyo unaweza kuuvalisha mpini mdogo au mkubwa kulingana na kiganja chako. Sisi wenye vidole vifupi tunalijua jambo hili lina thamani gani. Kilengeo cha nyuma kinarekebishika, nalo si pambo: .38 nzito iendayo polepole na .357 nyepesi yenye kasi hazipigi mahali pamoja, na mwenye kilengeo kisichorekebishika analazimika kukisia. Kusafisha ni rahisi vilevile, kwani sehemu yote ya kifyatulio inashuka chini kama kipande kimoja bila kufungua bamba la ubavuni, maana bamba lenyewe hakuna.

Uzito wake ni kilo 1.13 ikiwa tupu. Watu wanauogopa uzito huo dukani, kisha wanaushukuru uwanjani, kwa sababu ndio unaomeza teke la .357. Kubeba kiunoni kunawezekana kabisa ukiwa na mkanda mgumu wa ngozi mbili na mkoba unaobana juu, karibu na mwili, uliofunika kifyatulio chote. Anayeibeba kwa mkanda laini wa suruali atailaumu bastola bure.

Ya pili: Ruger SP101, mtutu wa inchi 3

Kama kilo moja na ushee imekushinda kweli, chukua hii. Ina risasi tano badala ya sita, mwili wote ni chuma, na uzito ni takriban gramu 770. Angalia vizuri hapa: SP101 ya inchi 2.25 ndiyo inayojaa kwenye kaunta, na ndiyo yenye kijiti kilichokatwa. Ya inchi 3 inaizidi kwa takriban sentimita mbili za mtutu, tofauti ya gramu huihisi, lakini maganda yanatoka. Sielewi kwa nini wauzaji wanaiweka nyuma ya rafu. Shaka yangu ni moja tu, kwamba vilengeo vyake havirekebishiki, basi chagua aina moja ya risasi nzito na uizoee.

Ya tatu: Smith & Wesson 686 Plus, mtutu wa inchi 3

Risasi saba, kifyatulio laini kuliko cha Ruger ikiwa mpya kutoka kwenye sanduku, na kwenye inchi 3 ina kijiti kirefu. Ile ya inchi 2.5, ambayo kwa macho inafanana nayo, kijiti chake ni kifupi. Nusu inchi tu! Mnunuzi asiyejua anachagua kwa sura.

Fremu hii ilizaliwa miaka ya 1980 kwa sababu nzuri. Model 19 ya mwaka 1955, rivolva ya .357 ya kampuni hiyohiyo na bastola nzuri ya kubeba, ilikuwa na mdomo wa nyuma wa mtutu uliosawazishwa chini ili silinda ipate nafasi, na pale paliponyooshwa palikuwa pembamba; .357 nyepesi zenye kasi kubwa zilipasua baadhi yake. 686 ni nene zaidi, na haina udhaifu huo. Kinachoiweka nyuma ya Ruger kwangu ni kwamba ncha ya kijiti chake ndiyo komeo la mbele, na kijiti kinazunguka pamoja na silinda. Kikilegea kwenye nyuzi zake kinasogea mbele, na silinda inakataa kufunguka. Tangu miaka ya 1960 nyuzi zimegeuzwa ili mzunguko usikilegeze, na ni kweli hutokea mara chache. Hata hivyo kikaze kila unaposafisha, ukiwa umeweka maganda matupu kwenye chemba ili nyota isiumie.

Model 60 ya inchi 3 ni ndugu yake mdogo, risasi tano, na jina lake lina heshima: Model 60 ya mwaka 1965 ndiyo rivolva ya kwanza ya chuma kisichoshika kutu. Inabebeka vizuri. Teke lake kwa .357 ni kali kuliko la SP101, basi.

Colt King Cobra ya inchi 3, iliyorudi sokoni mwaka 2019, ni nzuri machoni na ina risasi sita kwenye mwili usiofika gramu 800. Ukiipata, ipime kijiti kama nilivyoeleza, halafu uamue.

Za bei ya chini, yaani Taurus na Rossi kutoka Brazili: zipo zinazofanya kazi miaka mingi. Ukilazimika, chukua ya inchi 3 au zaidi, kagua kama silinda inajifunga sawasawa kwenye kila chemba nyundo inapovutwa, na usinunue kabla ya kuishika mkononi. Sina zaidi ya hayo.

Mwanamke akiingia dukani

Hapa nina kinyongo, na nitakisema. Mwanamke akiuliza rivolva, kabla hajamaliza sentensi anawekewa mbele bastola nyepesi kupita zote, ya inchi mbili, wakati mwingine ya pinki. "Hii ni ya kina mama, dada." Uzito gramu mia tatu na kitu, kaliba .357. Risasi ni ileile, nguvu ni ileile, lakini chuma cha kuipokea kimepungua mara tatu, kwa hiyo teke lote linaishia kwenye kifundo cha mkono. Anafyatua silinda moja, mkono unauma, bastola inafungiwa kwenye kasha na mazoezi yanaisha. Teke hilo lina shida nyingine: linaweza kuvuta vichwa vya risasi ambazo bado hazijafyatuliwa vikatoka kwenye maganda yake hadi vikachomoza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Na kijiti? Kifupi kuliko vyote.

Bastola nyepesi si zawadi kwa mkono mdogo. Mkono mdogo unahitaji mpini unaolingana nao na uzito wa kutosha mbele, vitu ambavyo GP100 yenye mpini mdogo inavyo. Wauzaji wanalijua hili, kwa sababu hao hao wakienda uwanjani wanabeba za inchi nne. Wanachouza ni ile inayomaliza mazungumzo haraka.

Ninalodai kwa watengenezaji, Ruger wangu wakiwemo, ni dogo. Kwenye karatasi ya vipimo mnaandika urefu wa mtutu, uzito, urefu wa bastola nzima, hata idadi ya mifereji ya ndani na mwelekeo wake. Ongezeni mstari mmoja: nyota inainuka milimita ngapi. Hadi mtakapouandika, mnunuzi aende dukani na ganda tupu la .357 mfukoni.