"Nyinyi ni watu wa hapa hapa": siku niliyompeleka mavyaa wangu Mji wa Kale na mikokoni

Wiki kadhaa zimepita na bado neno lile linanichoma. Tulikuwa gatini, jua la utosi, mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ameketi juu ya jiwe kwa kuwa kiti hapakuwa, mtandio ameufanya mwavuli. Binti aliyeshika orodha ya abiria akatuambia, na hata macho hakuyainua: "Nyinyi ni watu wa hapa hapa, mtangojea. Kuna wageni." Mashua tuliyoilipia siku nyingi kabla ikajazwa watu wengine nasi tunatazama, ikang'oa.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, ila nimeolewa Nakuru na ndiko niishiko. Mavyaa wangu ni mtu wa Kakamega, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka sabini na ushei. Maisha yake yote ya kazi amewafundisha watoto wa watu habari za Mombasa kwa chaki na ubao: majahazi, kaskazi na kusi, Wareno, ngome. Bahari yenyewe alikuwa hajaiona. Tangu treni ilipoondoka Nairobi hadi tukashuka Miritini hakufumba jicho, paji la uso limegusa kioo.

Ningeweza kumtembeza mwenyewe. Lakini nilitaka nikae kando yake, nimtazame akitazama, nisiwe mtu wa kutafuta tuktuk na kupatana bei. Ndiyo maana nikalipia matembezi ya siku nzima: asubuhi Mji wa Kale na kazi za mikono, mchana mashua hadi mikoko ya Tudor. Shilingi 4,500 kwa kila mtu, zote mbele, kwa M-Pesa. Kampuni siitaji jina. Wenyewe wakisoma watajijua.

Nyota ninazowapa ni moja, na hiyo moja si yao, ni ya watu watatu waliokutana nasi siku ile.

Kijana mwongozaji alichelewa nusu saa. Si neno, foleni za mjini nazijua. Lakini alipofika hakumwamkia mavyaa. Mama wa umri ule amesimama mbele yako, shikamoo yakushinda? Akasema, "Ni nyinyi wawili? Twendeni," akatangulia, simu mkononi.

Tukaanzia Ngomeni, Fort Jesus. Akatueleza kwamba ngome ilijengwa na Waarabu mwaka 1698. Mavyaa akainua kidole kidogo, kama ainuavyo mwanafunzi: "Mwanangu, hawakuwa Wareno? Kati ya 1593 na 1596? Hiyo 1698 nafikiri ndiyo Waomani walipoiteka, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu." Alisema kwa upole kabisa, sauti ya mtu anayempa mwenzake njia ya kujirekebisha. Kijana akajibu: "Mama, mwongozaji hapa ni mimi."

Mavyaa akanyamaza, nami nikanyamaza kwa heshima yake, na hilo ndilo kosa langu ninalolijutia mpaka leo. Tulipewa dakika ishirini na tano kwa ngome nzima. Vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyokuja kuwasaidia waliozingirwa ikazama pale chini ya ngome mwaka 1697, tulivipita mbio. Kwenye michoro ya meli ambayo Wareno waliichora ukutani, mavyaa alisimama hata hivyo. Alisimama akahesabu milingoti. Kijana alikuwa mlangoni akipiga ukelele, "Muda, mama, muda!" Muda wa nani? Tuliulipia sisi.

Ndia Kuu ikawa vivyo hivyo. Ile milango ya nakshi watu huvuka bahari kuja kuitazama, yeye akaionyesha kwa kidevu: "Milango ya kale hiyo." Alichokitaka ni kutuingiza kwenye duka la vinyago, na tulipotoka mikono mitupu akanuna. Mbele kidogo nikasikia nyundo ikigonga patasi, sauti ya utotoni mwangu. Nikamwambia tuingie kwa mchongaji. Akasema, bila haya: "Huyo mzee hampi mwongozaji chochote." Basi tukaingia wenyewe, yeye akabaki nje kivulini.

Na hapo ndipo siku yetu ilipokuwa siku.

Mzee alikuwa ameketi chini, mguu mmoja umeshikilia ubao wa mbambakofi, vumbi la mti limemjaa kwenye nyusi. Alipomwona mavyaa aliinuka. Aliinuka mzima, kwa magoti yanayomuuma, akafuta kigoda kwa kikoi: "Karibu, mama. Pita, keti." Akamtuma mtoto kwa muuza kahawa, ikaja kahawa chungu kutoka kwenye dele na kashata za nazi. Ndipo akaanza kutufundisha mlango. Hii ni miimo, inayosimama kushoto na kulia. Hiki kizingiti. Na huu mti wa katikati, unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, ndio mfaa. Mlango ukifungwa ndio unaokutazama. Akatuonyesha mnyororo unaopanda na miimo, na yungiyungi linalorudiwa rudiwa, na jinsi patasi ya kukata mstari isivyo ile ya kuchimba shimo. Mavyaa akatoa daftari lake. Aliuliza mti hukaushwa muda gani, mkono ukiteleza hufanywaje, na wanawe wanajifunza? Mmoja tu, akasema mzee, na huyo naye ana pikipiki.

Kisha akampa patasi. "Shika, mama. Usiuogope mti." Akamwekea kipande cha mbao iliyobaki, akamchorea waridi kwa penseli, akamwongoza kwa maneno tu bila kumgusa mkono. Mwalimu wa miaka yote ile amekuwa mwanafunzi, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Waridi likatoka limeinama upande. Mzee akalitazama, akasema: "Wengi waja, wapiga picha, wenda zao. Wewe mama wauliza." Pesa hakudai. Nilimwachia kitu mwenyewe, na mavyaa akatia lile waridi mkobani limefungwa kwa leso.

Kama tungaliishia hapo, ningaliandika nyota tano na kuwaombea dua hata waliotuletea kijana yule, maana bila wao huenda tusingepita kichochoro kile. Nilikuwa tayari kusamehe. Nilimwambia mavyaa hivyo tukishuka gatini.

Safari ilikuwa saa nane. Mashua ipo, nahodha yupo, maboya ya kuvaa yamepangwa. Ndipo likaja lile kundi kutoka hotelini, na lile neno.

Naomba nieleweke. Wale wageni sina neno nao. Mmoja wao, mama wa makamo, alimwona mavyaa juu ya jiwe, akashuka akataka kumpa nafasi yake, binti akamrudisha. Mgeni Mombasa ni mtu wa kupokewa, ndivyo nilivyolelewa. Lakini mwanamke aliyesafiri usiku na mchana kutoka Kakamega kuja kuiona bahari mara ya kwanza maishani, yeye si mgeni? Mgeni ni rangi? Nilimwuliza binti hivyo hivyo, kwa sauti ambayo gati zima ilisikia. Akasema, "Dada, nyinyi mwaweza kuja hata kesho." Mavyaa akanivuta nguo: "Acha, mwanangu. Tungoje."

Tukangoja saa mbili na nusu. Na hapa ndipo ubaya wenyewe, kwa sababu ule ulikuwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Mwezi mpevu ulikuwa umepita usiku mbili tu. Aliyelelewa Mombasa anajua kwamba siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi hivi jioni, na baina ya kujaa na kupwa kina hutofautiana mita tatu na zaidi. Ukitoka saa nane, maji yanakusindikiza hadi ndani ya mikoko, nawe warudi yangalipo. Sisi tuliitwa saa kumi na nusu. Nahodha, mtu mzima mwenye kofia ya mkono iliyofifia, alimwambia binti mbele yetu: "Maji yashageuka. Tuwape kesho, au tuwazungushe hapa karibu." Akajibiwa: "Wapeleke. Wamelipa."

Nilipaswa kukataa, najua. Lakini mavyaa alikuwa tayari ameshavaa boya lake.

Na wallahi ilikuwa nzuri. Tulipita chini ya Daraja la Nyali, nahodha akamweleza mavyaa kwamba hili ni la 1980, kabla yake lilikuwapo daraja la kuelea juu ya maji, na mavyaa akaandika. Kisha kelele za magari zikafifia, kijani kikaanza. Mbele kabisa, miguu majini, mililana. Nyuma yake mikoko yenyewe, mizizi imejikunja kama vidole vya mtu aliyeshika matope. Ndani zaidi michu, inayotoa vijiti vyake vya kupumulia juu ya tope, maelfu kwa maelfu. Yangeyange weupe. Mdiria mmoja, buluu ile isiyo na jina, akapiga mbizi akatoka na samaki. Yapo na ya kuhuzunisha: chupa za plastiki zimenasa kwenye mizizi, na harufu ya maji taka upande wa mjini, na visiki. Mavyaa akauliza miti hii ni ya nini, nahodha akamtajia kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Akamwambia vyumba vya nyumba za kale mjini ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Mavyaa akanigeukia: "Kwa hiyo dari za zile nyumba za asubuhi ni huu mti?" Ndiyo, mama. Ni huu.

Kwenye saa kumi na mbili kasoro injini ikaanza kutafuna tope. Nahodha akaizima, akashika upondo. Tukasogea, tukasita, tukakwama. Maji yalikuwa yakiondoka pande zote kwa haraka ya kutisha, na pale tulipopita dakika chache nyuma kukawa uwanja wa tope na kaa. Jua likazama. Mbu wakaja. Mavyaa alihitaji msalani akavumilia, hakusema. Niliijua shida yake kwa jinsi alivyokaza mikono juu ya mkoba. Nikapiga simu kwa kampuni. Mara ya kwanza binti akasema hilo ni suala la nahodha. Mara ya pili akasema atanipigia. Mara ya tatu simu imezimwa. Maji yalikuwa hayarudi ya kutosha kutuelea mpaka usiku wa manane, na mama wa miaka sabini yumo gizani ndani ya mashua, kwa kuwa sisi ni watu wa hapa hapa!

Aliyetutoa ni mvuvi mmoja mwenye hori. Nahodha alipiga mbinja, akaitikiwa kutoka gizani, na baada ya muda tukaona tochi. Alimchukua mavyaa kwanza, akampakata kama yai kutoka mashua hadi horini, akarudi kunichukua mimi. Tulikanyaga nchi kavu saa mbili na nusu usiku. Nikampa shilingi elfu. Akasema, "Mpe nahodha, yeye atalala pale mpaka yajae." Akaingia zake gizani.

Kesho yake tulitembea wenyewe, bila mtu. Marikiti kwa iliki na pilipili manga. Mtaa wa Biashara, ambako mavyaa alichambua leso moja moja akaondoka na doti nne. Haller Park, alikosimama muda mrefu kwenye mivinje baada ya kusikia kwamba yale yalikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu, na miti ilianza kupandwa 1971. Jioni ufuoni Mama Ngina, viazi vya karai na upepo. Hakuna aliyetukosea. Mkija Mombasa fanyeni hivyo, inatosha.

Nilipodai fedha zangu kampuni ikajibu kwa ujumbe kwamba safari "ilikamilika", kwa kuwa mikokoni tulifika. Wakanipa punguzo la asilimia kumi kwa safari nyingine. Niliposoma hayo niliifuta nyota moja nikaweka sifuri. Kisha nikairudisha, kwa kuwa nilikumbuka ni nani atakayefukuzwa kwanza wakikasirika: si binti, si kijana wa simu, ni nahodha, aliyesema kweli tangu gatini. Basi iandikwe hapa wazi kwamba mtu huyo hana kosa lolote, na mkimgusa nitarudi kuandika tena, na safari hiyo jina la kampuni nitalitaja.

Sasa, nikiandika haya, naona hata nyota moja ni nyingi. Sijui. Juzi mavyaa amenipigia simu kutoka Kakamega. Waridi lake la mbambakofi ameliweka juu ya kabati, kando ya saa ya ukutani iliyoharibika. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na mahindi, kisha akaniuliza: "Bamvua nyingine ni lini?" Tiketi za treni nimeshakata. Nahodha nimempigia mwenyewe, tumeelewana bei. Tunaondoka saa nane kamili.