Utabiri wa vuli mwaloni: programu ya simu au taarifa za TMA?

Kwa anayeishi kwa biashara ya dagaa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, hapa Mwanza, miezi ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayopima thamani ya utabiri wa hali ya hewa. Wakati wa kiangazi hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba jua litawaka, lakini vuli ikishaingia, mvua ya saa moja tu inatosha kuharibu mzigo wa usiku mzima. Msimu huu nimekuwa nikilinganisha huduma mbili ambazo wengi wetu tunazo mkononi: programu ya hali ya hewa inayokuja na simu, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA. Naitoa hukumu yangu mapema: taarifa za TMA ndizo za kufanyia kazi, ila ni lazima mtu ajue kuzisoma.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa zinazoelea juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Mitumbwi hurudi alfajiri, mzigo hupimwa kwa ndoo, kisha wakaushaji, ambao wengi wao ni akina mama, huutandaza juu ya chanja, nyavu kuukuu au mchanga. Jua likiwa kali, dagaa hukauka kabla ya jioni, na aliyekauka vizuri utamjua tu: anang'aa, ana mkunjo kidogo mgongoni, na ukimbonyeza anavunjika. Akinyeshewa kabla hajashika ukavu, tumbo hupasuka, kichwa hung'oka, rangi hugeuka manjano, na mnunuzi wa kumpeleka mjini hamtaki tena. Huenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Turubai husaidia kwa muda mfupi tu, kwa sababu dagaa wabichi waliofunikwa hupata joto na kuanza kunuka. Ndiyo maana mkaushaji hamuulizi mtabiri kama leo itanyesha. Swali lake ni itanyesha saa ngapi, na inatokea upande gani.

Kwa swali hilo programu ya simu haifai. Kuanzia katikati ya Oktoba inaonyesha picha ile ile ya wingu lenye radi karibu kila siku, na jedwali lake la saa kwa saa hubadilika kila ukilifungua. Siitaji jina kwa sababu zinazofanana nayo ni nyingi na kasoro yao ni moja. Programu za namna hii kwa kawaida hutegemea hesabu za kompyuta zinazofanywa kwa dunia nzima, ambazo huigawa dunia katika miraba mipana, na mraba mmoja unaweza kuchanganya maji ya ghuba, miamba ya mjini na mashamba ya Usukumani kana kwamba ni mahali pamoja. Mahali pengine huenda kasoro hiyo haina madhara makubwa. Hapa ziwa ndilo linaloamua.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na maji ya ukubwa huo hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara na mawingu ya radi hukua zaidi juu ya nchi kavu alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, maji hubaki na uvuguvugu wake, pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, na hapo dhoruba huzaliwa wakati ule ule ambao wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao. Kwa kuwa upepo mkuu wa ukanda huu hutoka mashariki, dhoruba hizo husukumwa kuelekea magharibi, na hii ni sababu mojawapo inayofanya Bukoba ipate takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka ilhali Mwanza hupata kama nusu yake. Kwa upande wa Kagera, asubuhi ya vuli ni wakati wa kuheshimiwa. Wengi tunaikumbuka ndege ya abiria iliyoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ambapo watu 19 walipoteza maisha.

Taarifa za TMA zimejengwa juu ya maarifa haya, na hapo ndipo zinapoishinda simu. Kwanza kuna mwelekeo wa msimu wa vuli, unaotangazwa kabla mvua hazijaanza, ambao huitaja mikoa ya Kanda ya Ziwa waziwazi na kueleza kama mvua zinatarajiwa kuwa juu ya wastani au chini yake. Huu si wa kupangia siku moja. Ni wa kuamulia kama uongeze chanja au mtaji uupeleke kwingine. Aliyesahau uzito wa msimu mmoja aikumbuke vuli ya 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipokuwa na joto lisilo la kawaida: mvua zilizidi, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limepanda hadi kuifikia rekodi ya 1964, likameza fukwe ambazo watu walikuwa wakianikia.

Kisha kuna utabiri wa kila siku, unaopatikana kwa redio, televisheni na mitandao ya kijamii, pamoja na tahadhari za hali mbaya ya hewa ambazo zimepangwa kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Nilichokipenda zaidi ni kwamba tahadhari haiishii kutaja mvua au upepo, bali hueleza na athari zinazoweza kutokea. Nahodha akiambiwa kwamba shughuli za uvuvi na usafiri majini zinaweza kuathirika, anajua la kufanya bila kufasiriwa. Mwanza pia ina rada ya hali ya hewa, inayowawezesha wataalamu kuona wingu la mvua likisogea na si kulihesabia tu kwenye kompyuta.

Huduma hii ina mpaka wake, na mpaka huo unatokana na hali yenyewe ya ziwa. Utabiri wa kanda hauwezi kusema kwamba dhoruba moja itapita Ukerewe na kuiacha Ghuba ya Mwanza. Hapo ndipo wazee wa mwalo wanapohitajika: wao hutazama umeme wa mbali unamulika upande gani, upepo wa jioni umetulia ghafla au la, na wimbi linalofika ufukweni ni la upepo wa hapa au la mahali pengine. Mimi husoma taarifa ya TMA jioni, kisha humuuliza nahodha anaonaje; wakikubaliana kwamba hali ni shwari naandaa mahali pa kuanika, wakitofautiana nanunua ndoo chache tu. Kwa utaratibu huu mzigo unaoharibika umepungua sana kwangu, na sijalipa ada yoyote.

Hata asiyekuwa na habari na dagaa, kama jirani zetu wa Mabatini wanaoishi kando ya Mto Mirongo, angefaidika. Mto huo ni mdogo, lakini maji ya vilima vya mawe huufikia kwa kasi mvua ikinyesha, kwa hiyo angalizo la jioni kwao ni nafasi ya kuinua magodoro na kuhamisha watoto mapema.

Linalobaki ni kufikisha. Vijana wengi wanaosukuma mitumbwi hawana simu za kisasa, na wenye nazo hawana bando kila siku, wakati makadirio yanayonukuliwa mara kwa mara ni kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hupoteza maisha kila mwaka katika ziwa zima. Naomba viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, katika kila mwalo waisome taarifa ya siku kwa kipaza sauti saa kumi na moja jioni, kabla mitumbwi haijatoka, kwa Kiswahili na tena kwa Kisukuma au Kikerewe pale inapohitajika, na rangi ya tahadhari ipeperushwe kwa bendera mahali ambapo kila nahodha ataiona.