Tathmini ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa Zanzibar: panapofanya kazi na panapokwama

Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar, au SUK kama inavyoitwa barazani, husifiwa na kulaaniwa kwa jumla tu. Hapa tunaipima kama anavyopimwa fundi, yaani kwa kazi yake. Tunaangalia imeundwaje, nani anapata nini, na sehemu gani huachia kwanza mzigo unapozidi. Kipindi tunachokipima ni kuanzia 2010 hadi mwisho wa awamu iliyoanza 2020.

Tuanze na lililo zuri. Miafaka miwili ya CCM, chama tawala, na CUF, chama kikuu cha upinzani wakati huo, wa 1999 na wa 2001, ilikuwa ahadi za vyama, na yote ikafia kwenye utekelezaji. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad yalipita njia nyingine. Suala lilipelekwa Baraza la Wawakilishi, ndilo bunge la Zanzibar, kisha kwa wananchi katika kura ya maoni ya 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Ndipo yakaja Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Tangu hapo kifungu cha 9(3) kinasema muundo wa Serikali utakuwa wa umoja wa kitaifa. Hii si hisani ya Rais aliyepo madarakani, na kwa hilo pekee SUK imeizidi miafaka yote miwili.

Inavyoundwa ni hivi. Mshindi wa urais huapishwa. Chama kilichoshika nafasi ya pili hupendekeza jina, naye Rais humteua mtu huyo kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Makamu wa Pili hutoka chama cha Rais, huwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali humo. Mawaziri huteuliwa baada ya Rais kushauriana na Makamu wote wawili, kwa uwiano wa viti vya vyama katika Baraza la Wawakilishi. Wote hukaa pamoja katika Baraza la Mapinduzi, yaani baraza la mawaziri la Zanzibar, na uamuzi ukishapita hapo ni wa wote, hata kwa waziri aliyeupinga ndani.

Kasoro kubwa imejificha kwenye neno viti. Makamu wa Kwanza hupatikana kwa kura za urais, lakini wizara hugawiwa kwa viti. Mwaka 2010 tofauti hiyo haikumuumiza mtu: Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Maalim Seif wa CUF 49.14, na majimbo 50 yakagawanyika 28 kwa 22. Chukua baraza la mawaziri 20 kwa mfano, tena kwa viti vya majimbo peke yake. Ishirini na mbili juu ya hamsini inakupa wizara 8 au 9, na hapo kuna serikali ya watu wawili kweli. Sasa chukua matokeo yaliyotangazwa 2020: Dk. Hussein Mwinyi asilimia 76.27, Maalim Seif, safari hii kwa ACT-Wazalendo, asilimia 19.87, lakini ACT ikatoka na majimbo manne tu. Kwa hesabu ileile unapata 1.6. Chama chenye karibu moja ya tano ya kura kinaishia na wizara mbili ukikionea huruma. Na ndivyo ilivyokuwa: ACT ilipewa Afya na Biashara. Fomula haikukosewa hapo. Ilitengenezwa kwa Zanzibar ya nusu kwa nusu, na mizani ikilala upande mmoja inabaki na jina la umoja huku uzito wote uko kwa mwingine.

Kasoro ya pili haimo kwenye Katiba kabisa. Uwiano unaishia kwa mawaziri. Makatibu wakuu, wakuu wa mikoa mitano, wakuu wa wilaya na masheha, yaani viongozi wa shehia mitaani na vijijini, hawamo katika mgawanyo wa lazima. Anayeijua Zanzibar anajua uzito wa sheha: ndiye anayethibitisha kwamba fulani ni mkaazi wa shehia yake, na bila ya uthibitisho huo kitambulisho cha mkaazi na daftari la wapiga kura huwa safari ndefu. Waziri wa upinzani anaweza kukaa ofisini Vuga, mjini Unguja, na bendera kwenye gari, na mwanachama wake kijijini asione kilichobadilika. Malalamiko mengi ya wafuasi kwamba "tumo serikalini kwa jina tu" chanzo chake ni hapa, kuliko ugomvi wa ngazi za juu.

Afisi ya Makamu wa Kwanza nayo ilianza 2010 na mazingira, UKIMWI, dawa za kulevya na watu wenye ulemavu. Ni kazi za maana zote. Ila hakuna hata moja inayogusa fedha, ardhi au ajira, na chama kinachoingia kikitarajia nguvu kwa sababu ya ukubwa wa cheo kinajidanganya.

Mtihani mgumu ulikuja baada ya Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi kuufuta uchaguzi wa Oktoba 2015. CUF ilisusia marudio ya 20 Machi 2016, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na hakuna chama kingine kilichofika asilimia 10 ya kura wala kushinda jimbo. Kwa hiyo nafasi ya Makamu wa Kwanza ikabaki tupu hadi 2020. Rais aliwateua kuwa wajumbe wa Baraza, kisha mawaziri, viongozi wa vyama vidogo: Hamad Rashid Mohamed wa ADC akapewa kilimo, Juma Ali Khatib na Said Soud Said wakawa mawaziri wasio na wizara maalumu. Kwenye picha ulikuwepo umoja. Kwenye hesabu haukuwepo.

Linganisha na Ireland ya Kaskazini, ambako Waziri Kiongozi na naibu wake wana mamlaka sawa, na mmoja akijiuzulu mwenzake hawezi kuendelea. Huko aliyetoka huifunga serikali nzima, kama ilivyotokea 2017 hadi 2020 na tena 2022 hadi 2024. Zanzibar aliyetoka hufunga mlango wake mwenyewe. Serikali haisimami, mishahara inalipwa, lakini mshirika mdogo hana cha kumzuia mkubwa. Kwa kuwa waliokuwa wakiumia katika migogoro ya visiwani ni raia, tunaona ni afadhali serikali isisimame, ila tusijifanye kwamba bei yake si kubwa.

Palipofanya kazi vizuri kuliko tulivyotarajia ni 2021. Maalim Seif alifariki 17 Februari, miezi miwili na siku chache tangu aapishwe. ACT ikapeleka jina la Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa zamani, naye akaapishwa 2 Machi. Hakukuwa na mvutano wa hadharani wala nafasi haikuachwa wazi kwa hila. Kanuni iliyoandikwa waziwazi ilifuatwa, na pale ilipo kimya ndipo penye ugomvi hadi leo.

Kwa chama kinachofikiria kuingia, wizara ngapi ni swali la pili. La kwanza ni la maandishi kabla ya kupeleka jina: wakuu wa wilaya wangapi, makatibu wakuu wangapi, na masheha watapatikanaje. Baada ya kuapishwa hakuna kifungu kinachomlazimisha mtu kuyajibu hayo.