Gari la rimoti la kuchezea kwenye theluji: nunua lipi?

Kwa ndugu zetu wanaoishi Minneapolis, Edmonton na kwingine kwenye baridi kali, hadithi ni ileile kila mwaka. Gari la rimoti linanunuliwa Desemba, mtoto analitoa nje Januari, na baada ya siku chache mkono unaoshika gurudumu la mbele umekatika. Lawama inaenda kwa kampuni, kumbe gari lenyewe halikuchaguliwa kwa ajili ya baridi.

Mikono hiyo kwa kawaida ni ya nailoni. Kwenye joto ikigonga kitu hupinda na kurudi. Chini ya sifuri hukakamaa, na pigo lilelile linaikata. Nailoni pia hupata ulaini wake kutokana na unyevu, ilhali hewa ya nyumba yenye hita ni kavu sana. Ndiyo maana wazoefu huchemsha mikono mipya kwenye maji kama robo saa kabla ya kuifunga. Bodi nyembamba za polikaboneti, aina nyingine ya plastiki, huvumilia baridi vizuri zaidi, hivyo wasiwasi wangu ni mikono. Kwa hiyo mimi naangalia mwendo kwanza: gari likienda polepole, hata plastiki iliyokakamaa inapona.

Namba moja kwangu ni Traxxas TRX-4, gari la kupanda mawe. Lina gia nzito na gia nyepesi, na difu zake zinafungwa kwa rimoti ili magurudumu yote yazunguke pamoja, hivyo kwenye theluji linatambaa tu mahali ambapo mengine yanazungusha tairi bure. Vifaa vyake vya umeme vimekingwa maji. Ubaya wake ni bei, na betri na chaja unanunua kando. Mtoto anayetaka mbio hatalipenda, lakini ndilo nitakalomnunulia wangu.

La pili ni ARRMA Granite 4x4, toleo la Mega lenye mota ya brashi, ambalo ni la polepole zaidi. Usivutiwe na lile la BLX, yaani lenye mota isiyo na brashi, la betri ya seli tatu, linalopita kilomita 80 kwa saa. Mwendo huo ukikutana na ukingo wa barabara kwenye baridi ya -15, utaokota vipande.

La tatu ni Traxxas Slash, toleo linaloendeshwa na magurudumu mawili kati ya manne. Kwenye theluji laini inahangaika kwa sababu inasukumwa na nyuma peke yake, ila bampa zake ni pana, na spea zake ni rahisi kupata. Mikono ya chapa ya RPM inasifika kwa kupinda bila kukatika. Agiza jozi ya mbele siku hiyohiyo unayonunua gari.

Tamiya Lunch Box nalipenda sana, lakini bodi yake ni ya plastiki ngumu, na likipinduka kwenye barafu inapasuka. Lisubiri kiangazi. Yale ya bei poa ya dukani, ambayo hayauziwi spea, sikushauri kabisa.

Lolote utakalochukua, betri ndiyo ya kutunzwa kuliko yote. Betri ya LiPo, aina ya lithiamu inayotumika kwenye magari haya, ikiwa baridi nguvu hushuka, gari linazima mapema, na mtoto anadhani limeharibika. Iweke ndani ya koti mpaka dakika ya kuanza. Mkirudi, usiichaji ikiwa bado baridi: kuchaji chini ya nyuzi 0 kunaharibu seli kwa ndani, na betri iliyoharibika hivyo inaweza kushika moto. Iache ipate joto la chumba kwanza.

Simamisheni gari mara kwa mara mguse mota. Theluji inayojaa chini ya bodi hulemea mota, ikachemka hata nje kukiwa na barafu. Mkiingia ndani, vua bodi, futa maji, kisha tia mafuta kidogo kwenye beringi, hasa kama mmepita barabara iliyomwagwa chumvi.

Pesa ikitosha gari peke yake bila spea, shuka daraja moja, ununue la bei nafuu zaidi pamoja na mikono ya akiba.