FargoRate, TPA na ugumu wa meza: ukisema unajua pool, unapima kwa kipi?

Haya wadau, karibuni tena. Leo fimbo nimeiegemeza ukutani, mkononi nina simu na daftari. Tulieni, kuna hesabu kidogo, lakini si ya kuumiza kichwa.

Juzi tuko kwenye meza yetu ya kila siku, kijana mmoja akaja kwa mbwembwe: "Mimi natia asilimia tisini." Nikamuuliza, kwenye meza gani, na unacheza na nani? Akanitazama kama nimemuuliza mahari ya dada yake. Na swali ndilo hilo hilo, mwenzenu sina jingine. Kwa hiyo leo nawafanyia uchambuzi wa vipimo vitatu nilivyovitumia kwa muda: programu ya FargoRate, hesabu ya TPA (Total Performance Average, yaani wastani wa jumla wa uchezaji wako), na kipimo cha ugumu wa meza.

Naanza na FargoRate kwa sababu ndiyo unayoweza kuiweka kwenye simu. Jina limetoka Fargo, mji wa North Dakota kule Marekani, na walioianzisha ni Mike Page na Steve Ernst. Unaandika jina la mchezaji, unapewa namba ya kiwango chake. Joshua Filler, bingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 2018, na Fedor Gorst, aliyelichukua taji hilo 2019 akalirudia 2024, hao wako juu ya 800. Sasa usiishangae 800 yenyewe. Angalia pengo. Pengo likiwa pointi 100, mwenye namba kubwa anashinda michezo miwili kwa kila mmoja anaopoteza. Pengo la 200, minne kwa mmoja. Pengo la 300, minane kwa mmoja. Kwa hiyo mtu wa 500 akikaa na mtu wa 800, katika kila michezo tisa anaambulia mmoja. Na huo mmoja atausimulia mpaka wajukuu.

Hapa subirini, maana watu wengi wanapotea hapa. Hiyo mbili kwa moja ni ya mchezo mmoja mmoja, si ya mechi nzima. Nimekaa na kalamu nikapiga. Tofauti ni 100, mnacheza mchezo mmoja tu: mkali ana nafasi ya kushinda asilimia 67. Mkicheza wa kwanza kushinda michezo 5, anapanda mpaka 85 na ushee. Wa kwanza kufika 9, ni 92. Watu ni wale wale, pengo ni lile lile, kilichobadilika ni urefu wa mechi.

Sasa fikirieni baa zetu. Unaweka koini, mchezo mmoja, aliyefungwa anakaa. Asiyejua sana anamfunga anayejua karibu kila jioni, kisha anatamba hadi asubuhi. Na hasemi uongo, kafunga kweli! Theluthi ya michezo ni haki yake. Mimi mwenyewe kuna mtu nilikuwa nasema ananiroga. Nilipoifanya hesabu hii nikaona hanirogi, ananipata kwa kiwango chake tu.

Jambo la pili ninalolipenda kwenye programu hii, kando ya namba yako kuna idadi ya michezo yako iliyohesabiwa. Mpaka ifike 200, namba yako bado ni ya kukisia. Kwa hiyo mtu akikuonyesha namba kubwa, telezesha kidole uone imejengwa juu ya michezo mingapi. Tena wanakokotoa wachezaji wote kwa pamoja kila siku, ndiyo maana namba yako inaweza kusogea ukiwa umelala. Yule uliyemfunga mwezi uliopita akianza kuwafunga watu wazito, ushindi wako juu yake unaongezeka thamani.

Meza je? Haiulizi kabisa. Futi saba, futi tisa, shimo pana, shimo bana, mipira tisa au ule wa kumalizia namba nane, vyote kwake ni sawa: nani kashinda mingapi dhidi ya nani. Mwanzoni niliona ni uzembe. Baadaye nikaelewa: meza ikiwa mbovu, ni mbovu kwenu wote wawili.

Kasoro yake iko wazi. Inakula matokeo, na matokeo lazima mtu ayapeleke. Michezo ya pale kwetu kijiweni hakuna anayeipeleka popote. Halafu fikirieni wachezaji wa Unguja wanacheza wenyewe kwa wenyewe, wa Pemba vivyo hivyo, na hakuna anayepanda boti. Utajua nani mkali Unguja na nani mkali Pemba, lakini kuwalinganisha hao wawili utakuwa unapiga ramli. Wanahitajika watu wa kuvuka na kucheza pande zote, ndio wanaoziunganisha namba za huku na za kule.

Basi kama hauko kwenye mfumo, shika daftari. TPA ni kazi ya Pat Fleming wa Accu-Stats, wale wanaorekodi mechi za pool kule Marekani. Unahesabu mipira uliyotia, unahesabu makosa. Halafu mipira uliyotia unaigawa kwa jumla ya mipira na makosa. Umetia 56, umekosea mara 14, jumla 70, unapata .800. Bila kosa hata moja ni 1.000, na ukifika .900 unacheza kiwango cha dunia.

Lakini kosa siyo kukosa shimo peke yake, na hapa ndipo daftari linapouma. Umetia mpira lakini mweupe, ule unaoupiga kwa fimbo, umekwenda kulala pabaya mpaka huna la kufanya: kosa. Umekusudia kumfungia mwenzako asipate mpira wa kutia, ukamwachia mpira wazi: kosa. Umevunja, yaani umepiga pigo la kuanza mchezo, mweupe ukatumbukia: kosa. Mimi wiki ya kwanza nilidhani tatizo langu ni kulenga. Daftari likaniambia ninalenga vizuri tu, mweupe ndio haunitii.

Udhaifu wa TPA ni kwamba anayeandika ni binadamu, na wewe ukijiandikia mwenyewe utajisamehe. Tena haipimi uzito wa kosa. Mpira ulio mdomoni mwa shimo na mpira wa kona hadi kona, ukikosa wote ni kosa moja moja. Na meza haimo humo, ingawa safari hii huna pa kujifichia, kwa sababu hujipimi na mtu bali na mipira.

Chukua meza ya kimarekani ya futi tisa. Mpira una kipenyo cha milimita 57.15. Shimo la kona la inchi 4.5 ni milimita 114.3. Zidisha mpira mara mbili uone: shimo ni mipira miwili sawasawa. Ukiulenga katikati, una milimita kama 28 kila upande za kukosea. Mpira ukiwa mita moja kutoka shimoni, unaruhusiwa kupotoka kama nyuzi 1.6. Usogeze uwe mita mbili, inabaki 0.8. Umbali mara mbili, msamaha nusu. Sasa meza za futi saba tulizozoea, kutoka kona hadi kona ni kama mita 2.2, ya futi tisa ni kama 2.8. Ndiyo maana yule kijana wa asilimia tisini nilimuuliza meza gani. Mimi nilivyohamia futi tisa siku moja, TPA yangu... tuendelee.

Kipimo cha tatu kinashughulikia hilo hilo. Dave Alciatore, profesa wa uhandisi mstaafu wa Colorado State, watu wanamwita Dr. Dave, ametengeneza namba ya ugumu wa meza. Anachukua ukubwa wa meza, upana wa mdomo wa shimo, pembe ya kuta za shimo, na kina cha ule ubao kabla mpira haujadondoka. Anazidisha. Meza ya kawaida ni kama 1, ngumu inazidi, laini inapungua. Hicho kina ndicho watu hawakiangalii: mashimo mawili ya upana mmoja, lenye kina kirefu linautema mpira ambao jingine lingeumeza. Ila haigusi kitambaa kilichochakaa wala ukingo uliokufa, na meza zetu nyingi ugonjwa wao uko hapo.

Ukitaka kuona kwa nini ugumu wa meza una maana, tazama rekodi za kutia mfululizo. Willie Mosconi alitia mipira 526 bila kukosa mwaka 1954, Springfield, Ohio, kwenye meza ya futi nane. John Schmidt akatia 626 mwaka 2019, Jayson Shaw 714 mwaka 2022, hao wawili kwenye futi tisa. Namba inasema Shaw kampita Schmidt, Schmidt kampita Mosconi, na wazee watabishana mpaka kesho kuhusu meza, kitambaa na upana wa mashimo. Wabishane, wana sababu.

Snuka sitaingia sana. Asilimia za kutia mnazoziona kwenye runinga zina shida hiyo hiyo: anayechagua mipira rahisi na kuikwepa mingine anaonekana mtakatifu.

Mimi nikiambiwa nichague kimoja, nachukua Fargo kwa kujua nani anamzidi nani, hata kama sisi wa kijiweni hatumo. Kwa kujirekebisha, daftari la TPA, ila ukurasa wa juu andika futi za meza, na mwandishi awe mtu mwingine. Namba ya Dr. Dave nimeipima mara moja kwa rula, mwenye baa akadhani nataka kununua meza.

Eeh, shikamoo mzee. Marahaba? Haya, namuona ameshaweka koini yake, na daftari kalishika yeye. Leo ataniandikia yeye, na huyu hasamehi.