Kuondoa kutu kwenye zege: dawa ipi ununue, na povu lisikudanganye

Chini ya stendi ya tenki langu la maji, Mbezi, palikuwa na doa la kutu la ukubwa wa sinia la pilau. Maji ya kisima chetu yana chuma kingi, na stendi yenyewe inaliwa na kutu. Leo doa halipo, kuna kidonda. Zege limepauka na kuchubuka, na ukipita peku unasikia mchanga ukikukwaruza. Hiyo ni kazi ya chupa moja ya asidi.

Muuzaji alinimwagia matone mbele ya duka lake. Yakachemka, povu likapanda, moshi ukafuka. "Unaona, dada, inavyofanya kazi?" Nikaona, nikalipa.

Jamani, lile povu si kutu inayotoka. Saruji ina chokaa, na asidi ya chumvi, yaani haidrokloriki, ikikutana na chokaa iliyo kwenye zege hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Kinachochemka pale ni sakafu yako. Kutu nayo huyeyuka, sikatai, ila chuma kilichoyeyuka huzama kwenye vitundu vilivyochimbwa na asidi hiyohiyo. Kwangu kilirudi na rangi ya manjano kabla wiki haijaisha.

Kwa hiyo ukali na harufu havinihusu tena. Napima kitu kimoja tu: dondosha dawa kwenye kona safi, isiyo na doa lolote. Ikichemka kwa nguvu, funga pochi uondoke.

Namba moja ni Bar Keepers Friend ya unga, na upendeleo wangu sifichi. Hii ni dawa ya Indianapolis, Marekani, ya tangu 1882, na wengi wanaijua kwa kung'arishia masufuria. Ndani yake kuna asidi ya oksaliki, ambayo hukishika chuma cha kutu kikayeyuka kwenye maji. Ikigusa chokaa ya saruji hutengeneza utando usioyeyuka, hivyo haiendelei kuchimba kama ile nyingine. Lowesha doa, nyunyiza unga, ukoroge uwe uji mzito, acha dakika kumi bila kuuacha ukauke, kisha sugua na usuuze kwa maji mengi. Doa la zamani utalirudia mara mbili tatu. Kopo langu wifi alinibebea kutoka Dubai, na nimemwambia safari ijayo alete mawili.

Usisugue kwa brashi ya waya. Vipande vya waya hubaki kwenye zege, navyo vinashika kutu, kisha unalaumu dawa. Tumia brashi ngumu ya plastiki.

Namba mbili ni asidi ya oksaliki yenyewe, ya kupimiwa kwa kilo kwenye maduka ya kemikali. Kwa uwanja mzima wa pavingi hii ndiyo ya busara, maana makopo yatakufilisi. Gramu 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki. Lakini ni sumu, huharibu figo: vaa glavu, ziba pua unapomimina unga, na kijiko ulichopimia kisirudi jikoni.

Iron OUT naiweka ya tatu. Hiyo huondoa kutu kwa njia nyingine, haitegemei asidi kali, ila ina harufu ya salfa na unyevu huiua. Kwa hewa ya Dar, ukiacha kopo wazi umepoteza hela.

Siki na ndimu ya unga? Kwa doa changa la jana, sawa.

Klorini ya kufulia haimo kabisa. Kutu haitoki, na wakati mwingine hukolea zaidi. Tena mtu akishaona imeshindwa humwagia asidi juu yake, hapo hutoka gesi ya klorini inayounguza mapafu. Doa la oili ya gari nalo ni habari nyingine: mwagia saruji kavu inyonye, fagia, kisha sabuni ya unga na maji ya moto.

Sasa nirudi kwa wauzaji, maana roho bado inaniuma. Asidi yangu ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo wala maelezo ya nguvu yake. Mtoto mwenye kiu angeipigia funda. Na bei? Nililipa 8,000 kwa lita, duka la tatu mtaa uleule nikaambiwa 4,500. Nilipouliza tofauti, nikajibiwa kwamba ile ya kwanza ni "original". Original ya nini, na chupa zinafanana hadi vizibo?

Nilimrudia yule bwana na picha kwenye simu. Akazitazama, akasema nilisugua vibaya, halafu akanionyesha ndoo ya rangi ya sakafu.

Sikuinunua. Juu ya kidonda nimeweka chungu cha mshubiri. Naumwagilia maji ya kisima, na juzi nimeona pembeni ya chungu mstari mwembamba wa kahawia. Kopo limebaki robo, na wifi haji mpaka Desemba.